Wawili Wanakujia, Uko Peke Yako: Beki Afanye Nini?

SWALI: Habari za kazi, mwalimu. Mimi ni beki wa kushoto kwenye timu ya burudani ya hoki ya barafuni. Nilianza kuteleza nikiwa mtu mzima na huu ni msimu wangu wa tatu. Mechi iliyopita tulifungwa mabao matano, na matatu kati ya hayo yalikuja wapinzani wakiwa wawili, mimi nikiwa peke yangu nyuma. La kwanza nilimfuata mwenye paki (kile kisahani cha mpira mgumu tunachokipiga kwa magongo), akampasia mwenzake akafunga. La pili nilijitupa chini kuzuia pasi, akanizunguka. La tatu nilirudi nyuma, nikarudi, mpaka nikamgonga kipa wangu. Sasa kipa anasema nimwachie yeye shuti, nahodha anasema nimvae mwenye paki, beki mwenzangu anasema nilale chini. Nimsikilize nani?

JIBU: Nzuri, ndugu yangu. Msikilize kipa wako. Nahodha na beki mwenzako kila mmoja ana saa yake ya kuwa sahihi, na nitakuonyesha ni ipi, lakini ukiufanya ushauri wao kuwa ndiyo desturi yako mtaendelea kuokota paki wavuni.

Nimecheza beki miaka mingi, na sasa nawafundisha watu wazima wanaokuja uwanjani usiku baada ya kazi. Hakuna swali ninaloulizwa mara nyingi kama hili. Na karibu kila anayeniuliza anataka nimwonyeshe namna ya kupokonya. Ngoja nikutoe huko kwanza. Wakiwa wawili na wewe mmoja, kazi yako si kuipata paki. Kazi yako ni kuwachelewesha, na wakati unawachelewesha, umnyime mwenye paki kitu kimoja tu: ile pasi inayokatiza mbele ya lango. Ukitoka hapo bila kuigusa paki hata mara moja, na kipa akadaka shuti la pembeni, umeshinda. Hesabu hivyo moyoni mwako kabisa, maana beki anayeona aibu kutoigusa paki ndiye anayeikimbilia.

Kwa nini kuchelewesha? Tupige hesabu kidogo. Kwenye uwanja wa vipimo vya Amerika Kaskazini, wenye urefu wa mita 61 na upana wa karibu mita 26, kutoka mstari wa bluu, unaoanzisha eneo lenu la kulinda, hadi mstari wa goli ni mita 19 na nusu. Mshambuliaji wa burudani anayekuja kwa kasi nzuri, tuseme mita 6 kwa sekunde, anaumaliza umbali huo kwa sekunde 3 na kidogo. Mwenzako aliyepoteza paki kule mbele anakuja nyuma yao, mita 9 au 10 hivi. Wote wakienda kasi ileile, hatawafikia kamwe. Lakini wewe ukiwafanya wale wawili wasite, washuke hadi mita 4 kwa sekunde, sasa wanahitaji karibu sekunde 5. Katika sekunde hizo 5 mwenzako ameteleza mita 29 na ushee, na lile pengo limekwisha. Hukugusa chochote. Umesimama mahali pabaya kwao, wakajiuliza wafanye nini, na huko kujiuliza ndiko kulikomleta mwenzako.

Na kwa nini pasi, si shuti? Lango lina upana wa mita 1.83 na kimo cha mita 1.22. Ukilitazama kutoka katikati, unaliona lote. Nenda sasa ukasimame kwenye ile nukta nyekundu iliyo katikati ya duara la pembeni, yaani mita 6 kutoka mstari wa goli na karibu mita 7 pembeni ya mstari wa kufikirika unaounganisha malango mawili, halafu ulitazame tena. Kwa pembe ile, upana unaouona umebaki kama mita 1.2 tu, na mbele yake yuko mtu aliyevaa magodoro miguuni na ametoka hatua moja kukulaki. Shuti la hapo, kwa wapigaji wa kiwango chetu, ni la kipa. Lakini paki ikikatizwa kutoka hapo hadi upande wa pili, kipa lazima ajisukume kutoka mlingoti hadi mlingoti, na hakuna binadamu anayeteleza haraka kuliko paki iliyopigwa vizuri. Anayepokea analiona lango zima, nusu yake haina mtu. Huyo hahitaji kuwa hodari. Anahitaji kuliweka gongo lake kwenye barafu.

Ndiyo maana kipa wako yuko sahihi. Kugawana kazi kwenyewe ndiko kunakoziba lango: yeye shuti, wewe pasi. Mshika mbili moja humponyoka, na bao lako la kwanza lilikuwa hilohilo. Ulitaka kuzuia shuti na pasi kwa pamoja, ukamfuata mwenye paki hadi pembeni, ukamwachia mwenzake katikati yote ya uwanja.

Sasa tuje kwenye miguu na mikono.

Chora akilini mistari miwili inayounganisha nukta za upande mmoja na nukta za upande mwingine, kutoka lango hadi lango. Kati ya mistari hiyo kuna mita 13 na nusu hivi. Humo ndimo makao yako. Mwenye paki akienda nje ya mistari hiyo, mwache aende, umsindikize kwa macho na gongo, usitoke. Kila hatua anayoipiga kuelekea ukutani inalifanya lango lake kuwa jembamba zaidi. Beki wa burudani anaponiambia "mwalimu, nilimbana mpaka pembeni", huwa namuuliza: na katikati ulimwachia nani?

Umbali kati yako na mwenye paki uwe kama urefu wa magongo mawili, mita 3 hivi. Ukimsogelea zaidi ya hapo atakupita kwa chenga moja. Ukimwachia mita 6 au 7 atajipangia muda wake, atanyanyua kichwa, atachagua. Umbali huo unauanzia kwenye mstari wa katikati, si kwenye mstari wa bluu, kwa sababu ukifika mstari wa bluu ukiwa mbali huwezi tena kumsogelea bila kusimama, na ukisimama amekupita.

Hapa kuna jambo linalowahusu sana waliojifunza kuteleza ukubwani. Wengi wetu tunateleza kinyumenyume polepole kuliko tunavyokwenda mbele, na hilo halirekebishiki kwa msimu mmoja. Basi anza kurudi mapema. Ukiona tu paki imepotea na njia ni nyeupe, geuka uelekee kwako kwa miguu ya mbele, piga hatua tatu nne za nguvu, kisha pindukia kinyumenyume ukiwa tayari una kasi. Ukiwa kinyumenyume, jisukume kwa kukata nusu duara, mguu mmoja baada ya mwingine, bila kuvusha mguu juu ya mwenzake. Mguu ukishavuka, kiuno kimeshafungwa upande mmoja, na mshambuliaji anayejua kazi anaingoja nukta hiyo ya wakati ili akatize upande wa pili.

Gongo lishike kwa mkono mmoja, ule wa juu, bapa, ile sehemu pana ya chini ya gongo, likiwa limelala juu ya barafu kwenye njia ya pasi. Narudia: juu ya barafu. Gongo lililoinuka kwa kiganja kimoja ni mlango wazi, maana paki ina unene wa sentimita 2 na nusu tu. Kifua chako kimtazame mwenye paki, ila kichwa kigeuke. Mimi nawafundisha kugeuza kichwa mara mbili: mara ya kwanza kwenye mstari wa bluu, mara ya pili mnapofika ukingo wa juu wa miduara, yaani ule ulio mbali na lango lenu. Haraka, kama dereva anavyotupia jicho kioo. Unatafuta kujua yule wa pili yuko sambamba, yuko mbele, au amebaki nyuma. Akibaki nyuma, njia ya pasi imehamia nyuma na gongo lako linahama nalo.

Kwa nini mkono mmoja? Ukilishika kwa miwili, unafikia mita moja na ushee. Kwa mmoja, ukinyoosha bega, unafikia zaidi ya mita mbili, na linaweza kufagia upande huu na ule bila mwili wako kuhama. Nicklas Lidström, beki wa Sweden aliyechezea Detroit Red Wings kuanzia 1991 hadi 2012 na kupewa tuzo ya Norris ya beki bora mara 7, hakujulikana kwa kuwagonga watu. Alijulikana kwa kuwa mahali panapotakiwa na gongo likiwa panapotakiwa. Sisemi utacheza kama yeye. Nasema kile alichokuwa akikitegemea zaidi si nguvu, na ligi nyingi za burudani zinakataza kugonganisha miili, kwa hiyo gongo na mahali pa kusimama ndivyo vitu ulivyo navyo.

Beki aliyenifunza haya alikuwa amevuka miaka 50 na magoti yake yalikuwa mabovu. Nilicheza naye upande mmoja misimu miwili. Usiku mmoja nilipanda mbele nikanyang'anywa paki, nikageuka nikamwona peke yake na wawili wanamwendea. Nilikuwa nyuma yao kwa hiyo niliona kila kitu. Hakuwa na haraka. Alikuwa tayari anateleza kinyumenyume, amechuchumaa kidogo, gongo limelala kushoto kwake kama bawabu aliyeweka mkono mlangoni. Mwenye paki akanyanyua kichwa, akaona lile gongo, akaishikilia paki. Akateleza kidogo, akatazama tena, gongo lipo palepale. Nikasikia vyuma vya viatu vyake vikikwaruza barafu. Alikuwa anapunguza mwendo ili apate nafasi, na nafasi haikuja. Alipofika chini ya nukta, yaani ameshaipita kuelekea mstari wa goli, ndipo akaamua kupiga, na paki ikatua kifuani mwa kipa. Yule mzee hakuwa amenyanyua gongo lake hata mara moja. Alinitazama tu akasema, "Umerudi. Vizuri."

Mahali pa kuacha kurudi nyuma ndipo ulipokosea kwenye bao la tatu. Kurudi nyuma si mpango. Ni njia ya kufika mahali fulani. Mkifika ukingo wa juu wa miduara, punguza kurudi. Usizame chini ya usawa wa nukta kabla mwenye paki hajaonyesha anachotaka, kwa sababu ukizama utakuwa pazia mbele ya kipa, na utakuwa umewapa wale wawili sehemu ya hatari zaidi ya uwanja bila kudai chochote. Kipa asiyeiona paki ikitoka gongoni hana wa kumlaumu ila wewe, na ana haki.

Kisha inakuja saa ya uamuzi. Mwenye paki akipita chini ya nukta upande wake, pembe yake imekuwa mbaya kiasi kwamba hatari yote imehamia kwa mwenzake. Hapo mwachie kipa kabisa, kata njia ya pasi kwa gongo na mwili, jiweke karibu na yule wa pili. Lakini kama mwenye paki, badala ya kwenda nje, anakata kuja ndani mbele yako, mambo yamegeuka. Anakuja kwenye gongo lako, pasi yake inakuwa fupi na ngumu, na akikupita yuko uso kwa uso na kipa katikati ya lango. Hapo ndipo nahodha wako yuko sahihi: mvae. Simama kwenye njia yake, gongo kwenye paki, usogee naye. Saa nyingine ya kumvaa ni pale anapoisukuma paki mbali na gongo lake, au anapoinamisha kichwa kuitafuta. Kwenye kiwango chetu hilo hutokea mara nyingi. Msukumo mmoja mfupi wa gongo, moja kwa moja, kisha lirudi kwenye njia ya pasi. Usilizungushe kama unafagia ua. Ukilizungusha utamkwatua na utakaa dakika 2 nje.

Kulala chini nimekuachia mpaka hapa kwa sababu ndiko kunakopendwa na ndiko kunakowaponza wengi. Kunapendeza ukikuona kwenye televisheni: beki anajilaza ubavu, mwili wote unakuwa ukuta, pasi inagonga na kurudi. Wale wanaofanya hivyo wanalala wakati mwenye paki ameshakaribia sana, hana tena muda wa kufikiri upya, na wanajua kasi yake kwa sababu kila mtu kule ana kasi. Kwenye ligi yetu mwenye paki mara nyingi anakuja polepole kuliko ulivyotarajia. Umeshalala, yeye bado anafikiri. Anakusubiri uteleze upite, anaivuta paki ndani, na wewe uko chini huna mguu wala gongo. Hilo ndilo bao lako la pili. Tena kuna mengine mawili: paki inaweza kuinuliwa kidogo ikapita juu ya miguu yako, na mwili wako unaoteleza unaweza kumfagia kipa au mlingoti, watu wakaumia. Mimi nawaambia wachezaji wangu wasilale mpaka wawe wameshajifunza kuzuia kwa miguu miwili, na hata hapo iwe ni pasi ya mwisho kabisa, mwenye paki akiwa chini ya nukta na mwenzake akiwa yuko wazi mlangoni. Kupiga goti moja chini, gongo limelala, hutoa karibu faida yote ya kulala na bado unaweza kuinuka.

Kuna habari nyingine ambayo wachezaji wa burudani hawaitumii kabisa, nayo ni mkono wa mpinzani. Mtu anayepiga kwa kushoto akija na paki upande wake wa kushoto, pasi yake ya kukatiza inatoka kwa uso wa bapa, ni rahisi na ina nguvu. Mtu huyohuyo akija upande wa kulia, pasi ya kukatiza lazima aitoe kwa mgongo wa bapa, na wengi wetu hatuna pasi ya hivyo inayofika. Huyo mara nyingi atapiga shuti. Mtazame na mpokeaji pia. Anayepiga kwa kushoto akiwa amekaa upande wa kulia, bapa lake limeelekea katikati, anaweza kuipiga paki ikija bila kuituliza. Huyo ndiye wa kuogopwa. Mambo haya unaweza kuyaona wakati wa kupasha misuli moto, kabla hata filimbi haijapulizwa. Tafuta wachezaji wao wawili wanaoteleza vizuri, kariri namba zao na mikono yao.

Baada ya shuti, usiitazame paki. Najua ni vigumu, kelele zote ziko huko. Kipa akiitema, anayeiokota na kufunga ni yule wa pili, na kwa kawaida yuko mita moja kutoka kwako. Ingia kati yake na lango, weka gongo lako chini ya gongo lake uliinue. Mtu kwanza, paki baadaye.

Nimeongea na wewe muda wote huu kana kwamba uko peke yako, na hapo ndipo ninaposikitika, kwa sababu kwenye mabao ya aina hii lawama humwangukia beki na mara nyingi si yake. Kuna mtu anayerudi. Kwenye timu nyingi za burudani anayerudi hufanya jambo moja: anamkimbilia mwenye paki. Sasa mko wawili kwa mtu mmoja pembeni na yule mwingine amebaki huru katikati, yaani mmerudi watu wawili na bado wamewazidi. Nilishafungwa bao la nusu fainali hivyohivyo. Mwenzangu alirudi kwa moyo wote, alikuwa amechoka mpaka anatweta, akapita karibu na mfungaji kabisa, angeweza kumgusa bega, akaja kunisaidia mtu niliyekuwa nimeshamweka pembeni. Pasi ikapita nyuma ya migongo yetu wote wawili.

Anayerudi apite katikati ya uwanja, amtafute yule asiye na paki, na apige kelele akimfikia: "Ninaye!" Neno hilo moja likifika masikioni mwako, hesabu imebadilika, sasa ni mmoja kwa mmoja na unaruhusika kumwendea mwenye paki. Kabla hujalisikia, huruhusiwi. Waambieni mafowadi wenu hivyo kabla ya mechi, na mkubaliane neno lenyewe, maana kelele ambayo hamkukubaliana haina maana.

Na mabao mengine kama haya huzaliwa mapema zaidi, mahali ambapo hakuna anayetazama. Beki anapanda hadi ukutani kwenye eneo la wapinzani kugombea paki bila kuhakikisha fowadi mmoja amebaki juu kumshikia nafasi. Mtu anapiga pasi ya kukatiza uwanja kwenye mstari wa bluu wa wapinzani, badala ya kuisukuma paki ndani hadi nyuma ya goli lao. Beki anapiga shuti kutoka mbali moja kwa moja kwenye miguu ya mtu aliyemsimamia mbele, paki inadunda na yule mtu anaondoka nayo. Kubwa kuliko yote ni zamu ndefu. Zamu nzuri ni kama sekunde 45. Watu wetu hukaa barafuni dakika 2 kwa sababu wamelipia na wanataka kucheza, ninawaelewa, lakini sekunde 30 za mwisho hawachezi, wanatembea. Paki ikipotea hawawezi kurudi.

Badilishaneni zamu paki ikiwa imezama kwenye eneo la wapinzani, si inapokuja kwenu. Kwenye kipindi cha pili muwe waangalifu mara mbili, kwa sababu timu zimebadilishana malango na benchi lenu sasa liko mbali na lango mnalolilinda. Beki anayetaka kutoka ana safari ndefu zaidi, na akitoka vibaya anamwacha mwenzake peke yake. Hebu jikumbushe kama bao lolote kati ya yale matatu lilikuja hivyo.

Watatu kwa wawili sitakaa nao sana. Mkae karibu na mwenzako, ndani ya ile mistari ya nukta. Mmoja ashughulike na mwenye paki na kumsukumia nje, mwingine ashike katikati, na yule wa tatu aliye mbali kabisa pembeni mwachieni mpaka msaada ufike. Kwenye mstari wa bluu msikimbilie kurudi. Mkisimama imara pale, mwenye paki akisita, wenzake wanaweza kuutangulia mstari na refa akapuliza wameotea. Watatu kwa mmoja, usitoke mbele ya lango, zuia pasi ya katikati, na umwombe kipa wako awe na siku nzuri. Na kama umeshapitwa kabisa na mtu anakwenda peke yake, mfukuze kwa upande wa ndani ili ashindwe kukata katikati, umwinue gongo kutoka nyuma akitaka kupiga. Usimvute kwa gongo wala kumkwatua, maana kumchezea rafu kutoka nyuma mtu aliyebaki na kipa tu kunaweza kumpa mkwaju wa adhabu.

Zoezi ninalolitegemea linahitaji nusu uwanja tu, kipa, beki mmoja na watu watatu. Wawili wanaanza kwenye mstari wa katikati na paki, beki yuko mbele yao kwa magongo mawili. Wa tatu ni wa kwenu, anaruhusiwa kuanza baada ya kuhesabu "moja, mbili". Beki hapewi alama kwa kupokonya. Anapewa alama kama shuti limetoka nje ya mistari ya nukta, au kama yule wa tatu amefika akapiga kelele ya "Ninaye!" kabla ya shuti. Mara kumi kila beki, kisha mara kumi gongo likiwa limegeuzwa chini juu, ushike bapa, ili ulazimike kutumia miguu na mahali pa kusimama. Ukifanya hivyo wiki tatu nne utaona kasi yao imeanza kuonekana ndogo.

Kabla ya mechi ijayo, mnapopasha misuli, teleza hadi kwa kipa wako, umgonge magodoro kwa gongo kama ilivyo desturi, na umwambie: "Wakija wawili, shuti ni lako, pasi ni yangu." Muulize pia anapenda usimame umbali gani ili aione paki. Makipa wana majibu tofauti, na huyo wako ameshakuambia mara moja anachotaka.